Hewa Nayo Hujaa na Kupwa

Mombasa, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Salamu za mamako na nduguzo zitangulie. Sisi hatujambo. Upepo wa kusi umeshaanza, madirisha ya upande wa baharini tumeyafunga, na mamako ameniambia nikuulize kama lile blanketi zito umelitoa sandukuni au bado unajikaza tu na shuka.

Simu yako ya juzi ilinifurahisha mpaka nikakosa usingizi. Kwamba wanafunzi wako wanataka kupanda mlima Vuria, na wewe ndiye utakayewaongoza, na kwamba umekumbuka kile kisanduku changu cha kupimia mwinuko. Kukuazima nitakuazima. Tena nitakutumia viwili. Ila kabla sijakueleza kwa nini viwili, kuna jambo nililokuficha tangu ulipokuwa darasa la sita.

Safari ile naamini unaikumbuka. Tulitoka Mwembe Tayari alfajiri, tukapita Voi na Mwatate, tukalala Wundanyi, na usiku uliniuliza mbona huku mtu akipumua anatoa moshi. Kesho yake saa mbili asubuhi nilikiweka kisanduku sawa na mwinuko wa pale tulipolala, tukaanza kupanda kwa njia ya miguu. Kisanduku chenyewe mlima hakiujui. Kinachojua ni kanieneo ya hewa, yaani jinsi hewa inavyogandamiza, basi. Hapa kwetu pwani ukipanda kama mita 8, kanieneo hupungua hektopaskali 1, ndicho kipimo chake. Ukishafika kwenye mita 2,000 hivi, hewa imekuwa nyepesi na hektopaskali hiyo 1 inataka karibu mita 10. Kinapima, kinapiga hesabu, kinakuandikia mita kwenye kioo. Nilikuwa nimekiunda kwa mikono yangu, nikakiamini kama mtu anavyoamini kitu alichokilehemu mwenyewe.

Mnamo saa nne tulifika njia panda, penye lile jabali lenye ufa. Nikaandika daftarini: mita 1,871. Tukaendelea hadi juu, mita 2,208, penye minara. Ulikula mahamri matatu, ukaniomba na langu.

Ukungu ulitukuta tunashuka. Unajua sasa, kwa kuwa unaishi nao, jinsi unavyokuja: unatazama miti, halafu huitazami tena. Ukungu ule ni unyevu wa bahari yetu hii, upepo unaupeleka bara mpaka ugonge milima ya Taita, upande juu na kupoa. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji kwa picha. Nikasema moyoni si kitu, njia panda iko mita 1,871, nitashuka nikitazama kisanduku, kikifika hapo tunakata kushoto. Saa kumi jioni kilisoma 1,890 na kitu. Tukashuka. Kikasoma 1,871. Nikatafuta jabali, sikuliona, ila upande wa kushoto palikuwa na kijia chembamba, na mimi nikajiridhisha kwamba ndicho.

Hakikuwa chenyewe. Ulipouliza mbona asubuhi hatukupita hapa, nilikwambia nimebadilisha njia makusudi nikuonyeshe bonde. Mwanangu, haikuwa kweli. Sikujua tulipo. Na niliendelea kutembea mbele yako nikipiga mluzi ili usione, jua linakwenda, na upande wetu wa kulia ardhi ilikuwa imeanza kukatika.

Yule mama aliyetukuta, yule mwenye mzigo wa kuni, alisema maneno kwa Kidawida, lugha ya Wataita, kisha akatugeuzia Kiswahili: "Baba, huko ni genge." Hakusema zaidi. Alitua kuni zake chini, akaziacha palepale, akarudi nasi mlimani mpaka kwenye jabali lenye ufa, kisha akatushusha hadi barabarani. Wewe ulikuwa umeshika pindo la leso yake njia nzima. Mimi nilikuwa nyuma yenu, na sikuwa na neno.

Nilikilaumu kisanduku. Nilikitupa kabatini miezi mingi. Siku moja nikakitoa, nikakiunga kwenye kompyuta pale mezani kwetu, kinirekodie namba wiki nzima, nijue ubovu uko wapi. Matokeo yakanishangaza. Saa nne asubuhi hektopaskali 1,013. Saa kumi jioni 1,010. Usiku saa nne imepanda tena, alfajiri imeshuka kidogo, asubuhi saa nne imerudi. Kila siku vilevile. Ukifuata hesabu za kisanduku, nyumba yetu ilikuwa inapanda mita 25 kila jioni na kurudi chini usiku, na sisi tumo ndani tunakula.

Nikadhani ni chumvi. Nilikifungua nikakuta kweli shaba imeota ukijani pembeni, kama kila kitu cha Mombasa. Nikasafisha, nikabadilisha sensa, kile kipande kinachohisi kanieneo, nikaweka mpya kabisa. Namba zikaja zilezile.

Hapo ndipo nilipoketi nikaiangalia ile michoro kwenye kioo, inapanda na kushuka mara mbili kwa siku, na nikaona kwamba umbo hili nimelijua tangu utotoni. Ni maji kujaa na maji kupwa. Hewa nayo ina kujaa na kupwa kwake! Nikasoma, nikakuta wataalamu wanalijua jambo hili tangu zamani. Tofauti ni kwamba bahari hufuata zaidi mwezi, ndiyo maana saa za maji husogea kama dakika 50 kila siku na mvuvi hana budi kuzihesabu upya. Hewa hufuata jua. Jua huipasha moto, na wimbi linaizunguka dunia pamoja na mchana, kwa hiyo saa zake hazisogei: kujaa ni karibu saa nne, kupwa ni karibu saa kumi, mchana na usiku, mwaka nenda mwaka rudi. Na huku kwetu karibu na ikweta ndiko wimbi hilo lilikozidi nguvu. Mtu wa Ulaya anaweza asilione maisha yake yote, dhoruba zao zinalifunika.

Basi rudi nami mlimani. Njia panda niliipima saa nne, hewa imejaa. Nikairudia saa kumi, hewa imepwa, kisanduku kinadhani tumo juu zaidi ya tulipo kwa mita 20 na zaidi. Jabali tulilipita ndani ya ukungu, hatua chache pengine, huku mimi macho nimeyakaza kwenye kioo nikingoja namba. Chombo hakikuharibika. Kilipima sawasawa nilichokiambia kipime. Nilikosa mimi kwa kutojua, na kubaya zaidi ni kule kukudanganya. Ulikuwa na haki ya kujua kwamba tumepotea, maana miguu iliyokuwa hatarini ilikuwa na yako. Nisamehe.

Sasa ndiyo sababu ya viwili. Kile chenye kifuniko cheusi kikae shuleni, barazani, kivulini, na mtu mmoja unayemwamini akisome kila nusu saa na kuandika. Cheupe uende nacho. Kabla hamjaondoka viweke pamoja, visome namba moja. Ukiwa juu ukapiga simu shuleni ukaambiwa cha barazani kimepanda mita 18, utajua ni hewa inapwa, shule haijahama; toa 18 kwenye chako. Pasipo mtandao, kirekebishe kila upitapo mahali unapopajua urefu wake. Pale juu andika 2,208 bila kusita. Na ukungu ukishuka, simameni kwanza.

Sponji iliyo ndani usiitoe, inazuia upepo usiipige sensa. Saketi nimeipaka rangi ya kucha ya mamako ili chumvi isiile njiani (ameniuliza chupa iko wapi, sijamjibu bado), ila kile kitundu kidogo cha sensa nimekiruka, maana hapo ndipo hewa inapoingilia. Sensa yenyewe haifiki ukubwa wa punje ya mchele, usije ukaikuna kwa ukucha. Betri zichaji usiku wa kuamkia safari, uzilaze nazo ndani ya blanketi. Baridi huzinyonya nguvu.

Ombi langu ni moja. Mkifika kwenye jabali lenye ufa, kama bado lipo, kisome kisanduku cheupe na mwenzako akisome cheusi wakati uleule, uniandikie namba zote mbili pamoja na saa. Kwenye daftari langu pale pameandikwa 1,871 mpaka leo, na nataka kupafuta.

Mimi babako