Kinan Azmeh ni mpiga klarineti, tuandikieni muziki wake

Ndugu Mhariri,

Kila gazeti hili linapomtaja Kinan Azmeh, Msyria anayeishi New York na kupiga klarineti, ala ya kupuliza, habari huanzia uwanja wa ndege na kuishia huko huko. Tunaelezwa juu ya amri ya Rais Trump ya tarehe 27 Januari 2017 iliyowafungia mlango raia wa nchi saba, Syria ikiwemo, na jinsi ilivyomkuta Azmeh nje ya Marekani kikazi, hajui kama atarudi kwake ingawa alikuwa na kibali cha ukaazi wa kudumu. Yote ni kweli. Alirudi mwezi Februari, baada ya jaji mmoja wa Seattle kuisimamisha amri ile. Lakini msomaji anafika mwisho wa makala bila kujua bwana huyu ametunga nini wala anapuliza vipi.

Azmeh alizaliwa Damascus mwaka 1976. Alisomea muziki katika jiji hilo, na uhandisi wa umeme pia (alilala saa ngapi, sijui). Mwaka 1997 alishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya vijana ya Nikolai Rubinstein mjini Moscow, Mwarabu wa kwanza kufanya hivyo. Baadaye akaenda Juilliard, chuo cha muziki cha New York, na mwaka 2013 akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Jiji la New York. Wapiga klarineti wenye vyeti vya namna hiyo wako wengi. Wachache ndio wanaoweza kufanya anachokifanya yeye na ala yenyewe.

Klarineti ya leo imepangiwa vitufe kwa ajili ya ngazi ya Kizungu yenye hatua 12. Makamu za Kiarabu, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, ambazo mpenzi yeyote wa taarab ameshazisikia, zina sauti zinazokaa katikati ya hatua hizo. Mpiga udi, ile ala ya nyuzi ya taarab, hana shida, kwa kuwa shingo ya udi haina vigawanyo na kidole husimama popote kinapotakiwa. Mpiga klarineti inambidi alegeze au akaze midomo, abadili umbo la koo, afunike tundu nusu, atafute mipangilio ya vidole isiyomo katika vitabu vya kufundishia. Hayo yote ayafanye bila sauti kupasuka, na klarineti hupasuka upesi. Msikilizeni Azmeh anapopuliza sauti za chini kwa pumzi ndogo kiasi kwamba noti inaanza kabla sikio halijatambua. Hilo ni zao la miaka mingi ya kazi, nalo lingestahili aya mbili tatu katika kurasa zenu.

Tena ni mtunzi. Mwaka 2007 alitunga kazi ya sehemu tatu ambamo orkestra nzima imeandikiwa noti zake, ilhali yule anayesimama mbele ameachiwa nafasi ya kubuni papo hapo. Fikirieni ugumu wake kwa kiongozi wa orkestra: wapigaji makumi wanahesabu vipimo vyao, na mtu mmoja hawezi kutabiriwa. Sehemu ya mwisho inahusu harusi ya kijijini Syria, na jukwaani amezoea kuwatunukia sehemu hiyo wote waliofanikiwa kupendana katika nchi yao wakati wa vita. Hapa siasa imo ndani ya muziki wenyewe na haihitaji kubandikwa juu. Vita vilipoanza mwaka 2011, alikaa muda mrefu akishindwa kutunga. Mwandishi anayetaka kueleza vita vinamfanya nini msanii angeanzia hapo.

Nitaje mengine haraka: kundi la Hewar alilolianzisha na wenzake Damascus mwaka 2003, kundi lake la CityBand huko New York, albamu ya Uneven Sky, aliyoirekodi na orkestra ya Berlin na kuipatia Opus Klassik, tuzo ya Ujerumani ya muziki wa klasiki, mwaka 2019, opera iliyoimbwa kwa Kiarabu, kutokana na mashairi ya Wasyria wa leo, na kuoneshwa kwa mara ya kwanza Osnabrück, Ujerumani, mwaka 2022. Pia yumo katika Silkroad, kundi lililoasisiwa na mpiga cello Yo-Yo Ma, ambalo albamu yake ilipata Grammy tarehe 12 Februari 2017. Siku chache tu zilikuwa zimepita tangu arudi New York. Habari ya amri mliiandika. Ya tuzo sikuiona.

Mngetaka kweli habari ya mipaka, ipo nyingine ambayo hamkuigusa. Klarineti za wapigaji wa ngazi hiyo kwa kawaida hutengenezwa kwa mpingo, mti unaovunwa hasa Tanzania na Msumbiji. Januari hiyo hiyo ya 2017, mpingo uliingizwa katika orodha ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na watengenezaji wa ala wakaanza kuhangaika na vibali. Ala zilizokamilika ziliondolewa masharti hayo mwishoni mwa 2019. Hata hivyo mwanamuziki aliyebeba ala yake kwa matumizi yake mwenyewe aliruhusiwa kupita tangu mwanzo. Kwa wiki moja hivi, klarineti ya Msyria ilikuwa na haki zaidi ya kuingia Marekani kuliko mwenyewe.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Azmeh, au mpiga ala mwingine yeyote wa aina yake, akirudi kwenye kurasa zenu, tuambieni alipiga kazi gani, nani aliitunga, nani walimsindikiza, na wapi aliacha noti akaanza kubuni. Kama chumba chenu cha habari hakina mtu wa kuyaandika hayo, wako walimu wa muziki ambao hawajawahi kupigiwa simu na mhariri hata mara moja.

Wenu,
Msomaji na mpenzi wa ala za kupuliza