Chamberlain hakuanza na maji

Mhariri,

Msomaji wenu anayetaka Dodoma iongozwe na mfanyabiashara kama Joseph Chamberlain wa Birmingham, Uingereza, ameruka hesabu yenyewe.

Chamberlain, muuza skrubu, alichaguliwa meya Novemba 1873 na mwaka uliofuata akajitoa kwenye biashara. Hakuanza na maji, ingawa visima vya mji vilikuwa vimechafuliwa na vinyesi. Alianza na gesi ya taa: halmashauri ikanunua kampuni mbili kwa karibu pauni milioni 2, fedha za mkopo, na mwaka wa kwanza ikapata faida ya pauni 34,000. Kampuni ya maji ilifuata, kwa pauni 1,350,000. Huko hakutaka faida. Bili ya maji, kwake, haikuwa chanzo cha mapato. (Sisi wa Dodoma, tunaotegemea maji ya visima vya Makutupora, tungependa kusikia hilo.)

Kasoro ipo kwenye ubomoaji. Kwa sheria ya 1875 iliyoruhusu kubomoa makazi duni, vibanda vilivunjwa, ikapitishwa barabara mpya, Corporation Street, viwanja vikakodishwa kwa miaka 75. Maduka yalijengwa haraka. Nyumba mpya kwa waliobomolewa zilikuwa chache mno, wakaenda kubanana mitaa ya jirani.

Wasomaji wenu,
Dodoma