Unataka pug kwa ajili ya familia? Msikilize anavyopumua kwanza

Kila zikikaribia likizo simu zinaongezeka, wazazi wanauliza pug, yule mbwa mdogo wa uso bapa na makunyanzi, bei gani na anaweza kupatikana lini, mtoto kaona video kwenye simu na hataki kusikia habari ya mbwa mwingine. Sisi tunaopokea mbwa za watu kulala kwetu, kabla ya bei tunauliza: atalala wapi, nyumbani kuna feni au AC, mchana anabaki na nani. Wengine wanaona kama tunawazungusha, lakini kiukweli pug ni mbwa ambaye joto la Dar linaweza kumuua kwa mchana mmoja tu wa mwezi wa pili, na hatutaki umletee mwanao furaha alafu baada ya muda mfupi iwe kilio.

Tuanze na pumzi sababu kwa pug mengine yote yanafuata hapo. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema, hewa inaingia na kutoka inabeba joto na mvuke. Sasa pug amezalishwa vizazi na vizazi ili uso uwe bapa, mifupa ya uso ikafupika ila nyama za ndani hazikupungua kwa kiasi kile kile, kwa hiyo kaakaa laini, ile nyama ya nyuma juu ya kinywa, linakuwa refu linaziba njia ya koo, tundu za pua zinabana, na wengine hata bomba la hewa lenyewe ni dogo. Ni kama mtu akimbie huku anavuta hewa kwa mrija wa soda. Ule mkoromo ambao watu wanaupenda, wanaurekodi wanaweka status, ni sauti ya mbwa anayepata hewa kwa shida. Wateja wanatuambia "si ndo pug walivyo?" na hapo ndo tunakaa nao chini tunaeleza upya, maana mbwa akizoeleka kuwa anakoroma basi hata siku anazidiwa hakuna anayeshtuka.

Na ukanda wa pwani unaongeza shida. Kuanzia Desemba mpaka Machi mchana unapita nyuzi 30 na hewa imejaa unyevu, kuhema kwenye hewa ya hivyo hakupozi vizuri. Mtu wa Arusha au Iringa ana nafuu kubwa kuliko wa Sinza au Mombasa.

Kwa hiyo ukienda kuchagua, acha kwanza rangi na makunyanzi. Angalia tundu za pua, ziwe wazi unaziona, zisiwe kijistari kinachofunga kila akivuta pumzi. Bora ambaye pua imechomoza kidogo, hata kama anayeuza anakwambia yule bapa kabisa ndo "orijino" na bei yake iko juu. Uholanzi, ambako pug amependwa tangu karne ya 16 mpaka kwenye familia ya kifalme, mwaka 2019 serikali ilitoa vigezo vinavyozuia kuzalisha mbwa ambao pua ni fupi kuliko theluthi ya fuvu. Wenzetu wamempenda miaka mingi na wamefika mahali wakasema uso umefupishwa vya kutosha.

Alafu mtoto wa mbwa wa wiki 8 anaweza kupumua vizuri tu na shida ikaja kuonekana akishakua, ndo maana tunasisitiza muone mama, na baba kama yupo. Chuo Kikuu cha Cambridge kina kipimo ambacho mbwa anasikilizwa akiwa ametulia, anatembezwa mbio ndogo dakika 3, anasikilizwa tena, na anapewa daraja 0 (hana shida) mpaka 3 (ana shida kubwa). Kipimo rasmi kinataka mtu aliyefundishwa, lakini wewe omba mama atembezwe kidogo asubuhi kukiwa na ubaridi, utasikia mwenyewe. Akikoroma akiwa macho, au akichukua muda mrefu kutulia, ondoka. Muuzaji anayekataa kukuonyesha mama, anataka tu utume hela mtoto aje kwa bodaboda ndani ya boksi, huyo achana naye.

Lingine la kujiuliza ni unamtaka wa nini. Kama ni ulinzi, pug sio, huyu ni mbwa wa kukaa na watu, ana uvumilivu na watoto, anakufuata chumba hadi chumba, na ukimfungia banda la bati nje unamchoma. Analala ndani. Hapo ongea na mwenye nyumba kama umepanga, na ongea na dada wa kazi, sababu wapo ambao dini haiwaruhusu mate ya mbwa yawaguse na sio haki kumlazimisha mtu amhudumie mbwa asiyemtaka, kama ni hivyo panga mapema nani atamlisha na kumsafisha.

Na wale wanaotaka dume na jike wazalishe wauze, tafadhali fikiria mara mbili. Watoto wa pug wana vichwa vikubwa na nyonga ya mama ni nyembamba, wengi wanaishia kwenye upasuaji, na nusu kaputi kwa mbwa mwenye njia ya hewa finyu ni hatari zaidi kuliko kwa mbwa wa kawaida.

Akishafika nyumbani, uzito ndo vita yako kubwa. Pug mzima anatakiwa awe kama kilo 6 mpaka 8, na ni mlafi, atakuangalia mpaka umuonee huruma, mtoto anampa chapati, bibi anampa nyama, mafuta yanajaa mpaka shingoni na njia ya hewa inazidi kubanwa. Pitisha viganja ubavuni, mbavu uzisikie bila kukandamiza, na ukimtazama kutokea juu kiuno kionekane. Pima chakula, gawa mara mbili kwa siku, na vitunguu, chokoleti na zabibu asiguse kabisa.

Kutembea ni alfajiri au jioni jua likishazama, mfupi mfupi, kwa mkanda wa kifuani na sio wa shingoni. Mkanda wa shingo unabana koo, alafu macho ya pug yametokeza na vishimo vyake havina kina, kukaba shingo kunaweza hata kuyatoa nje. Ikitokea, funika kwa kitambaa safi chenye maji, usijaribu kurudisha mwenyewe, kimbia kwa daktari wa mifugo. Na jicho likiwa jekundu, linatoa machozi au analifumba, usisubiri kesho, kidonda cha jicho kwa hawa kinachimba haraka. Dawa ya macho ya binadamu iliyobaki kabatini usiweke.

Makunyanzi futa kila siku kwa pamba yenye maji kidogo kisha KAUSHA, watu wengi wanafuta wanaacha mbichi, kwa unyevu wa huku ndani ya siku chache panaanza kunuka na kuwa pekundu. Poda na mafuta hapana. Manyoya yanapukutika mwaka mzima kwa hiyo piga brashi mara kwa mara. Chanjo, minyoo na kupe ni kama mbwa wengine wote, na ile ya kichaa cha mbwa anaanzia miezi 3, sheria yetu ni kwamba bila kadi ya chanjo hatumpokei kulala hapa.

Dalili za kuzidiwa na joto zijue na msichana wa kazi azijue, sababu umeme unakatika saa nane mchana wewe uko ofisini. Kuhema kwa kelele bila kutulia, mate mazito, ulimi au fizi kuwa nyekundu sana au zambarau, kuyumba, kutapika. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 mpaka 39 na kidogo, likipita 40 ni dharura. Mtoe kwenye joto, mmwagie maji ya bomba mwili mzima, mpepee, usimlazimishe kunywa, na uanze kumpoza hapo hapo kabla hujaingia kwenye gari. Ukimkimbiza kwanza bila kumpoza, foleni ya Dar itakumalizia muda wote.

Kama una pug unayetaka kumnunua, turekodie video yake ya dakika moja yenye sauti, moja akiwa ametulia na moja baada ya kutembea, pamoja na picha ya pua kwa mbele, na kama mama yake yupo fanya hivyo hivyo kwake. Tutakujibu bure tunachokiona, na tukiona pua imebana tutakwambia umpeleke kwa daktari wa mifugo kabla hujalipa, tundu za pua zinaweza kupanuliwa kwa upasuaji lakini hiyo gharama ni vizuri uijue mapema. Advansi usitoe mpaka tuwe tumeongea.