Lala kabla ya Kitonga

Mwanangu Hamisi,

Mkeo ameniambia wiki iliyopita ulitoka Dar hadi Tunduma bila kulala, tena ulisimulia kwa fahari. Kwamba bosi amekuamini na lori jipya, hongera sana baba, nimewaambia majirani wote. Lakini hilo la kutolala usilirudie, na usiniambie umezoea. Mtu akilala masaa 5 kila siku kwa wiki nzima huacha kuhisi kuwa uchovu unazidi, ila mguu wake unazidi kuchelewa kufika kwenye breki.

Kinachonitisha ni zile sekunde 3 au 4 za kusinzia ambazo mwenyewe huzijui, maana hata macho yanaweza kuwa wazi. Kwa mwendo wa 80, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde 4 ni mita 88, karibu uwanja mzima wa mpira, na mzigo wote ule hauna mtu kwenye usukani. Mwili hudai kulala kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, na tena mchana saa 8 hadi saa 10. Muda huo usikukute Kitonga, kwenye ule mlima wa kona kali. Ukipiga miayo mfululizo, tairi likakanyaga mstari wa pembeni, au ukawa hukumbuki kilomita chache ulizopita, tafuta pa kuegesha hapo hapo. Kufungua kioo na kuongeza muziki ni nafuu ya dakika chache. Mirungi ndiyo usiiguse kabisa: inauficha usingizi tu, nguvu yake ikiisha unakuangukia wote kwa pamoja.

Egesha penye watu. Kunywa kikombe cha kahawa, kisha weka alamu ulale dakika 20. Kahawa huanza kufanya kazi baada ya dakika 20 hadi 30, kwa hiyo itakukuta unaamka. Usizidishe nusu saa, utaamka na kichwa kizito. Nawa uso, tembea robo saa, ndipo uwashe gari. Hiyo ni ya kukufikisha mahali pa kulala tu. Bado unahitaji masaa 7 hadi 9. Ukilala mchana garini, zima injini, moshi wake ukiingia ndani unaua. Acha kioo wazi kidogo, ziba mwanga kwa kitambaa cheusi kizito, maana kanga hupitisha jua. Na kahawa ya mwisho iwe masaa 6 kabla ya kulala usingizi mrefu, kwa sababu baada ya kama masaa 5 nusu yake bado imo mwilini.

Mkeo anasema pia unakoroma, unakata pumzi, halafu unashtuka. Usimkasirikie kwa kunieleza. Njia ya hewa inaziba na ubongo unakuamsha mara nyingi bila wewe kujua, ndiyo maana unaweza kulala masaa 8 na bado ukasinzia mchana. Nenda ukamwone daktari wa masikio, pua na koo kabla ya safari ijayo. Kwa sasa lalia ubavu, na pombe ya jioni uiache.

Hapa nyumbani aliyechelewa kuamka aliitwa mvivu na kumwagiwa maji. Wadogo zako sasa hivi hawaamshwi hivyo.

Bati la jikoni limeshapigiliwa, usitume pesa tena. Mdogo wako anataka kaunta buku mbili za kuandikia. Mchele wa Kyela uchukue ukipita Mbeya, hata ukifika Jumatatu hakuna neno. Na zile simu zangu za usiku wa manane za kukuuliza umefika wapi, nimeziacha. Nitapiga saa 3 asubuhi. Ukienda kulala, izime simu.

Mama yako