Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mzinga wa Kioo na Kuhamishwa kwa Manzuki

Ndugu wanachama, wazee wetu na kina mama wa kikundi cha nta,

Nawashukuru mliofika. Shughuli za kawaida mnazijua: tulirina misimu miwili, tulikarabati mizinga ya magogo iliyoliwa na mchwa, mavazi ya kinga yalishonwa, na asali iliuzwa Tabora mjini kama kila mwaka. Mapato Sh 6,240,000, matumizi Sh 5,115,000, salio liko benki. Mwenye swali aone daftari kwa mweka hazina.

Nataka kusema kwa kirefu juu ya uamuzi wa Machi, wa kununua mzinga wa kioo, wa kuwatazama nyuki wakiwa ndani, kabla ya mashine ya kukamua asali, na baadaye kuhamisha manzuki, yaani mahali pa kuweka mizinga, kutoka mtoni. Siku ile tulikuwa 19 kati ya wanachama 58. Hoja ilijadiliwa, ikapigiwa kura, ikapita. Wengi wanaolalamika leo kwamba fedha za chama zimeishia kwenye kioo hawakuwepo. Naomba pia iandikwe kwenye muhtasari kwamba kioo nilikitafuta mwenyewe na sikudai posho wala nauli.

Sababu ni hii. Nyuki aliyepata chakula kizuri hurudi kuwaambia wenzake kiliko. Karl von Frisch wa Austria alieleza jambo hilo miaka ya 1940, na mwaka 1973 akawa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel. Kibarua huyo, yaani nyuki mtendakazi, hucheza ngoma kwenye sega lililosimama wima, gizani. Hukimbia mstari mnyoofu akitikisa tumbo, huzunguka kulia hadi alipoanzia, hutikisa tena, kisha huzunguka kushoto. Wenzake humfuata wakimgusa kwa vipapasio, na yeye huwaonjesha mbochi, yaani maji matamu ya maua, aliokuja nao. Mstari ukienda wima kwenda juu, chakula kiko upande wa jua. Ukienda chini, kiko upande wa pili. Ukilala nyuzi 40 kulia, mtu aruke nyuzi 40 kulia kwa jua. Umbali umo katika muda wa kutikisa: kwa nyuki waliopimwa Ulaya, sekunde moja ni takriban kilomita moja. Nyuki hutofautiana kipimo kwa asili yao, ndiyo maana tulianza kwa kuweka mabakuli ya maji ya sukari tuliyojua umbali wake.

Mzinga wa kioo tuliuweka kwenye manzuki ya zamani, umefunikwa blanketi jeusi, tukifunua kwa muda mfupi tu. Aprili na Mei, saa tatu asubuhi, ngoma nyingi zilikwenda juu. Saa tisa alasiri, jua limeshahamia magharibi, ngoma za mahali palepale zilikwenda chini. Sisi hatukuwafundisha kugeuza. Wanalifuata jua lenyewe. Kwa hiyo chakula kilikuwa mashariki, na muda ulionyesha karibu kilomita tatu. Ndugu zangu, mashariki ya mto, umbali huo, ndiko uliko msitu wa miyombo ambao haujakatwa kuni za mabani ya kukaushia tumbaku. Katikati ni mashamba ya tumbaku yanayopuliziwa dawa. Kila nyuki wetu alikuwa anavuka sumu kwenda na kurudi, na sisi tulikaa tukilaumu ukame. Mimi niliyaona haya kwa macho yangu, na nisingeweza kunyamaza.

Tulihamisha mizinga 33 usiku kwenda upande wa msitu huo, milango imezibwa, na asubuhi tukaegemeza matawi mbele ya milango ili nyuki wajifunze mahali upya. Msimu wa Novemba mizinga hiyo ilitoa ndoo 31. Wapo wanaosema ni mvua. Mizinga saba tuliyoiacha mtoni, kwa kuwa wenye mizinga hiyo walikataa, ilinyeshewa mvua ileile na ikatoa ndoo 2.

Wengine wanasema nyuki hufuata harufu tu, hizo ngoma ni hadithi. Hoja hiyo aliitoa Mmarekani Adrian Wenner miaka ya 1960, na ilijibiwa. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza waliwafuata kwa rada nyuki waliotazama ngoma. Waliohamishiwa kando kabla ya kuruka hawakwenda kwenye chakula chenyewe. Waliruka upande uleule walioambiwa, wakafika mahali palipopotoka kwa kiasi kilekile walichohamishwa. Harufu inamsaidia nyuki akishakaribia.

Mwanzoni mwa Oktoba, saa sita mchana, ngoma hazikusomeka, na baadhi yenu mlilichukua hilo kama ushahidi dhidi yangu. Siku hizo jua kwetu hupita utosini kabisa. Jua lisipokuwa na upande, nyuki naye hana upande wa kuonyesha. Ndugu wanaofuga nyuki wadogo wasiouma wasitafute ngoma hii kwa nyuki wao. Baadhi ya nyuki hao huweka alama za harufu.

Napenda pia warinaji wa mwenge wanisikie. Utafiti wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba vibarua wachanga wasio na wakubwa wa kuwatazama hukosea ngoma, na makosa ya umbali hayaondoki baadaye. Kuunguza kundi ni kuunguza walimu. Tutumie bomba la moshi la kutuliza nyuki.

Sasa ada. Ni Sh 20,000 kwa mwaka, na waliolipa ni 23. Mikutano minne iliitishwa. Akidi ilitimia mara moja. Viongozi wanatembea kwa miguu kuwatangazia, halafu wanakuta viti vitupu. Mwanachama anayedai mashine ya kukamua alipe kwanza fedha ya kuinunua. Hili linaniumiza, na nimelisema nyumba kwa nyumba.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kupata mashine hiyo, kuongeza mizinga, na kuzungumza na serikali ya kijiji juu ya ule msitu wa mashariki kabla wenye mabani hawajaufikia. Vijana wanaotaka kujifunza kusoma ngoma waje manzuki Jumamosi asubuhi, wavae mavazi ya kinga. Mweka hazina atabaki hapa hadi saa kumi kupokea ada.

Mwenyekiti