Gari halijaanza kula mafuta, bei ndo imepanda

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, maana hili jambo linatutoa hela wengi.

Tukifika sheli tunasema "weka ya elfu thelathini", lita hatuulizi. Sasa bei za EWURA, wale wanaopanga bei za mafuta nchini, zinabadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, lita ikiwa 2,500 hiyo elfu thelathini ni lita 12, ikipanda mpaka 3,000 ni lita 10 tu, alafu mtu anaona geji imeshuka mapema anasema gari limeanza kula mafuta, analipeleka kwa fundi, plagi zinabadilishwa, nozo zinasafishwa, hela imeondoka na gari halikuwa na shida yoyote. Inaniuma kwa kweli, hasa kwa dereva wa teksi ambaye watoto wanakula kupitia hilo hilo gari.

Kupima ni rahisi jamani. Jaza tanki mpaka pampu ijikate yenyewe, rudisha kilomita za tripu pale kwenye dashibodi ziwe sifuri, endesha kama kawaida yako, alafu jaza tena mpaka ikate, sheli ile ile ikiwezekana. Soma risiti: umetembea kilomita 372, zimeingia lita 31, basi gari lako linakwenda 12 kwa lita. Hiyo ndo namba yako, achana na ile "20 kwa lita" ya dalali, mara nyingi imetoka kwenye vipimo vya Japani, gari lilipimwa ndani ya maabara, eisi imezimwa, foleni ya Ubungo haipo.

Ukitaka kwenda Dodoma kutoka Dar ni kama kilomita 450. Tanki la lita 45 kwa 12 unapata 540, ila lita 7 hivi za mwisho usizihesabu, magari mengi ya petroli pampu yake imezama ndani ya tanki na mafuta ndo yanaipoza, ukizoea kutembea taa ya mafuta ikiwa imewaka unaiua hiyo pampu. Zinabaki lita 38, yani kilomita 456, hapo umebanwa kabisa, ukikuta foleni Kibaha imekula kwako, kwa hiyo ongeza Morogoro.

Ombi langu Mhariri, siku mnayochapa bei mpya wekeni pembeni kajedwali kadogo tu: elfu kumi, ishirini na thelathini ni lita ngapi mwezi huu, na mwezi uliopita zilikuwa ngapi.

Msomaji wenu, Dar es Salaam