Majibu ya maswali yako manne

Somo yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillah, ila mama magoti yanamsumbua kila mawingu yakijikusanya, na mwaka huu yanajikusanya kila siku mvua isinyeshe.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Yaani tumekaa mkeka mmoja chuoni, tukala bakora pamoja kwa kosa lako wewe, leo umeshakuwa mtu wa Muscat ndiyo unaniuliza napenda chakula gani, picha gani, muziki gani na nguo gani, kama karani wa sensa! Mara ya tatu nikanyamaza. Kweli sijawahi kuulizwa. Mume wangu haulizi, anakula tu. Basi kaa kitako.

Chakula jibu lake unalijua: urojo. Si wa Forodhani. Kule wapelekwe wageni, wakale na ile pitsa wanayoiita ya Zanzibar, ambayo mie nimeila mara moja na ikanitosha. Nasema urojo wa baada ya alasiri, barazani kwa yule bibi wa nyuma ya skuli. Bado yupo, na sufuria ni ileile yenye mpini mmoja. Bakuli analishika kwa mkono wa kushoto, wa kulia unakwenda wenyewe: mbatata, kachori anaipasua kwa kidole gumba, bajia, nyama anaichomoa kwenye kijiti cha mshikaki, nusu yai, kisha anamimina ule uji wa manjano wenye embe mbichi. Hapo anasita. Hakuulizi kama unataka pilipili, anakutazama uso na kuamua mwenyewe. Mie hunitilia vijiko viwili vya chatne ya nazi na kimoja cha pilipili, siku nikiwa na hasira huniongeza. Juu anamwaga chipsi za muhogo, na ole wako uanze kupiga soga zikalainika. Najua huko Muscat Waswahili wanaupika. Usiniambie kuwa ni mtamu kama huu, tutagombana.

Picha ninayo moja tu, ipo juu ya televisheni. Ni samaki wa Tingatinga, madoadoa mekundu na meupe. Unajua Edward Tingatinga mwenyewe alichora miaka kama minne tu, kuanzia 1968 mpaka alipopigwa risasi na polisi kimakosa mwaka 1972? Miaka minne, kwa rangi za baiskeli kwenye vibao vya dari, na leo nusu ya maduka ya mjini yanakula kwa jina lake. Samaki wangu nilimpata kwa bei ya chini kwa sababu rangi ile haikauki upesi, na nzi alikuwa amenasa karibu na pezi. Muuzaji akaona haya. Na ndiye huyo nzi aliyenifanya niipende, kila nikipangusa vumbi namwangalia kama bado yupo.

Sasa muziki na nguo siwezi kuvitenganisha, utaona kwa nini.

Taarab, na ile ya asili, ya kukaa kitini. Rusha roho harusini nacheza sana, sikufichi, lakini ya kusikiliza ni ile ya kikundi cha Ikhwan Safaa, ambao wapo tangu 1905. Siti binti Saad watu humsifu kwa kwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Mie namsifu kwa yale ya kabla: mtoto wa Fumba anayetembeza vyungu huku sauti yake ikivitangaza. Na ukitaka ukweli, ninachokipenda kuliko wimbo wenyewe ni pale kabla haujaanza, mpiga kanuni anapopatanisha nyuzi. Ni zaidi ya 70. Anakaza huu, anaulegeza ule, fidla inamjibu kidogo, watu wanaongea, hakuna anayemsikiliza isipokuwa mie.

Basi tulikuwa harusini, upande wa mamaangu. Mwimbaji akafika kwenye ubeti wa mtu anayekuchekea usoni akikugeukia anakusengenya. Fidla ikanipanda kichwani, nikainuka na noti yangu ya elfu mbili nikaenda kumtunza. Wakati wa kurudi macho yangu yakakutana na ya jirani yangu, yule wa mlango wa kijani. Macho tu, somo! Kesho yake nikamsalimia, hakuitikia. Siku ya tatu nafungua dirisha la jikoni, naona kwenye kamba yake kanga nyekundu: *Hasidi hana sababu*. Jina limeelekezwa kwangu, na kaibana kwa vibanio vinne ili upepo usije ukalikunja.

Mama akaniambia niache. Sikuacha. Nikaenda Darajani, nikamwambia mwenye duka sitaki kuona rangi wala mji, nionyeshe majina. Akateremsha kanga mpaka akatokwa na jasho. Nyingine za poliesta, siku hizi wanatuletea hata hizo, unavaa unachemka kama kiazi. Mwisho nikaipata: *Mdhaniaye ndiye, kumbe siye*. Zambarau na rangi ya chungwa, mbaya hata kwa kudekia. Nikaitundika vilevile na dondo lake, haijakatwa wala kukungwa, doti nzima imekakamaa kama kibao, majina mawili yanatazama mlango wa kijani.

Siku mbili kimya. Ya tatu, magharibi, mtoto wake anabisha hodi na sahani iliyofunikwa. Mkate wa kumimina, bado wa moto, iliki inanukia mpaka ukumbini.

"Mama anauliza ile kanga umenunua wapi."

Sahani hairudi tupu, unajua. Nilikuwa na ndizi, nilikuwa na sukari. Nikaenda kwenye kamba, nikaikata ile doti katikati, kipande kimoja nikakikunja vizuri nikakiweka juu ya sahani. Sasa tukitoka kwenda dukani asubuhi kila mmoja kajifunga chake, wanaotuona wanadhani tumeshona sare ya msiba wa mtu asiyependwa.

Kwa hiyo andika kwenye daftari lako la sensa: nguo ninayoipenda ni hiyo ya zambarau. Ukija usiniletee halua, ya Wete tunayo. Niletee udi wa kufukizia, ule wa vipande si wa unga, na nafasi tumboni, maana yule bibi wa urojo ameuliza habari zako na nimemwambia unakuja.

Haya, zamu yako. Na usinijibu kwa sauti. Andika.

Wako,
Somo yako

Mama anakusalimu, anasema ile bakora ilikuwa haki yenu wote wawili.